FRANGA YA SOKO INAENDA WAPI?



Katika somo la uraia sisi wafinaliste tulikuwa na mabishano makubwa. Mwalimu aliandika ubaoni lile neno refu la Kifransa ambalo tunasikia kila siku katika redio: desantralizasio. Kisha akauliza: "Nani anaweza kulieleza kwa mama anayeuza ndagala sokoni?" Darasa lote kimya. Kuliandika tulijua, hata mwaka wa sheria yake tulijua, lakini kulieleza kwa mama hatukuweza. Ndiyo sababu tumeandika habari hii. Tumesoma sheria, tumeuliza wazee, tumetembea katika maofisi. Kama mdogo wetu wa mwaka wa saba ataielewa, tutafurahi. Kama hataielewa, kosa ni letu, si lake.

1. Maana ya neno

Tufanye mfano wa nyumba moja. Baba anashika funguo zote: ya chumba, ya ghala, ya sanduku la feza. Baba mwenyewe anakaa Kinshasa, kilometa zaidi ya 1,500 toka hapa kama unapita kwa ndege. Chumvi ikiisha hapa Baraka, lazima mtoto aandike barua na kungoja jibu. Nyumba ya namna hiyo italala njaa.

Baba anaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, anamtuma mtu wake akae karibu na watoto. Mtu huyo anaona shida kwa macho yake, lakini kila kitu anafanya kwa amri ya baba. La pili, baba anawapa watoto shamba lao, jembe lao na ruhusa ya kuuza mavuno, nao wanachagua kati yao nani atashika hesabu.

Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili. Administrateri wa teritwari ni yule mtu aliyetumwa: anasimamia mahali pa Serkali. Kwa sheria, teritwari ya Fizi haina bajeti yake kama mtu anayejitegemea. Ila sekta iko nayo. Mji uko nayo, na komine pia. Ugawaji wa mamlaka, ndiyo desantralizasio yenyewe, ni lile jambo la pili: shamba, jembe, mavuno, na kuchagua.

2. Sheria zinasema nini

Jambo hili si la jana. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Zaire, Fizi ilipoitwa "zone". Mwaka 1982 sheria ilitolewa ya kuzipa zone na collectivité mamlaka na mabaraza yao. Mwaka 1988 Kivu kubwa iligawanywa mara tatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Hivyo makao ya jimbo letu yakabaki Bukavu.

Katiba tuliyo nayo sasa ilipigiwa kura mwezi wa 12, 2005, ikatangazwa tarehe 18 mwezi wa 2, 2006. Inasema inchi itakuwa na majimbo 25 pamoja na mji wa Kinshasa, yaani 26. Mwaka 2015 majimbo makubwa kama Katanga yalikatwa. Kivu ya Kusini haikukatwa, ilibaki vile ilivyokuwa.

Chini ya jimbo, Katiba inataja wanne wenye kujitawala: mji, komine, sekta na sheferi. Inasema wawe huru kusimamia mali yao, watu wao na feza zao. Tarehe 7 mwezi wa 10, 2008 ikatoka sheria ya kueleza kazi zao. Kati ya kazi hizo ni masoko, njia ndogo za mahali, madaraja madogo, usafi na maji. Grupema na kijiji hazimo katika hao wanne, ingawa ndiko watu wengi wanaishi.

Basi kwetu ikoje? Teritwari ya Fizi ni kubwa, zaidi ya kilometa kare 15,000, yaani inapita nusu ya Burundi nzima. Iko na sekta nne: Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja. Mwaka 2013 amri ya Waziri Mkuu iliipa Baraka cheo cha mji, pamoja na Uvira na Kamituga. Lakini amri ni karatasi. Miaka kadhaa ilipita mbele ya kuona ofisi ya meya ikifanya kazi. Leo mkaaji wa Baraka ni mtu wa komine na wa mji. Ndugu yake wa Mboko ni mtu wa sekta ya Tanganyika. Yule wa Misisi ni mtu wa sekta ya Ngandja.

3. Tufanye hesabu

Hapa mtoe kalamu. Katiba inasema katika feza za taifa, asilimia 40 ni ya majimbo, nayo ikatwe palepale feza inapopatikana, bila kwenda kwanza Kinshasa na kurudi. Sheria ya 2008 inaongeza: katika hiyo sehemu ya majimbo, asilimia 40 ni ya miji, komine, sekta na sheferi.

Kama feza ya taifa ni franga 1,000:
— jimbo linapata franga 400;
— katika hizo 400, walio chini wanapata franga 160.

Zile 160 wanagawana kwa kuangalia wingi wa watu, ukubwa wa udongo na nguvu ya kuzalisha mali. Tena Katiba imeweka sanduku lingine la taifa, lenye asilimia 10, la kusaidia mahali palipobaki nyuma.

Kwenye madini kuna hesabu nyingine. Sheria ya madini iliyogeuzwa mwaka 2018 inagawa kodi ya madini hivi: asilimia 50 kwa Serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta ao sheferi ao mji ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa akiba ya vizazi vijavyo. Mtu akisikia hivyo atasema: basi Ngandja ni matajiri, kwani Misisi kuna dhahabu! Lakini kodi hiyo inalipwa na makompani yenye kuandikwa. Misisi wengi wanachimba kwa mikono, na dhahabu nyingi ya Kivu inatoka inchini bila kuandikwa popote. Kitu kisichoandikwa hakina asilimia 15. Ukipiga 0 mara 15, unapata 0.

Mwishoni kuna feza za hapahapa: taksi ya meza sokoni, ya bandari, ya mitumbwi, ya karatasi mbalimbali. Tufanye mfano tu: soko iko na mama 400, kila mmoja anatoa franga 500. Ni franga 200,000 kwa siku moja ya soko. Kama siku za soko ni 8 kwa mwezi, ni franga 1,600,000. Hatusemi soko fulani inapata hivyo. Tunaonyesha tu kwamba hata franga ndogo ya mama ikikusanywa inakuwa kitu. Hata mtoto anaweza kupiga hesabu hiyo, kama mtu anamwambia mama walikuwa wangapi.

4. Habari ya daraja

Sasa tuwaeleze jambo lililotupata sisi wenyewe. Kuna kijito kimoja ambacho wenzetu wengi wanapita asubuhi wakija masomoni. Hatutakitaja jina, wala maofisi hatutayataja, kwa maana nia yetu si kumpatia mtu haya. Mvua ilibeba miti ya daraja. Wenzetu wakubwa walivuka wakibeba viatu na madaftari juu ya kichwa. Wadogo walirudi nyumbani. Siku moja mwanafunzi msichana wa mwaka wa nane aliteleza, maji yakamvuta, akashikwa na baba mmoja aliyekuwa akiosha pikipiki chini kidogo. Alipona, Mungu asifiwe. Daftari zake zote zilikwenda na maji, na mtihani ulikuwa wiki ile.

Tulichaguliwa watatu, pamoja na mwalimu mmoja, twende kuuliza. Ofisi ya kwanza walitupokea vizuri, wakatupa viti. Wakasema: "Hapo si kwetu tena. Tangu mipaka ya mji iliposogezwa, hapo ni kwa wenzetu." Ofisi ya pili wakasema: "Hapana, hiyo njia inahesabiwa kuwa ya wale wa kwanza. Kawaulizeni tena." Ofisi ya tatu ilikuwa na mzee mmoja mwandishi, akiandika nyuma ya makaratasi ya zamani kwa kukosa mapya. Yeye hakutufukuza. Alituambia: "Wanangu, daraja ni la kwetu, sikatai. Lakini ile feza ya kurudishiwa toka juu tunaingoja. Tumepewa ufunguo, sanduku liko tupu. Mimi mwenyewe mnayeniona, mshahara wangu siujui siku yake."

Mwenzetu akamuuliza kwa heshima: "Mzee, na ile feza ya soko?" Mzee akanyamaza kidogo, akajibu: "Hiyo hapana mtu aliyekuja kuiuliza mbele yenu."

Tulirudi. Jumamosi ile wazazi na wanafunzi tulikata miti, tukafanya salongo, daraja likasimama. Lakini njiani tulibishana sana juu ya jibu la yule mzee. Kumbe miaka yote mama zetu wanalipa, na hakuna aliyekwenda kuuliza?

5. Kwa nini feza na mamlaka hazifiki

Tukijumlisha yale tuliyoona na yale tuliyosoma, tunapata sababu tatu.

Ya kwanza, ile asilimia 40 haikatwi mahali inapopatikana, kama Katiba inavyotaka. Feza zimekuwa zikipanda kwanza Kinshasa, kisha zinarudishwa nusunusu na kwa kuchelewa. Zikifika jimboni, zinatakiwa kushuka tena hadi sekta, na kila ngazi iko na njaa yake. Maji ya mfereji mrefu wenye matundu hayafiki shambani.

Ya pili, kazi zilishushwa kwa karatasi kuliko kwa vitendo. Katiba inaweka masomo ya msingi na ya sekondari katika kazi za jimbo. Lakini mishahara ya walimu wetu inaamuliwa Kinshasa, na walimu wetu wanajua zaidi yetu maana yake. Vilevile tazameni ile programu ya kuendeleza teritwari 145, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2022, ya kujenga masomo, vituo vya afya na maofisi. Jengo jipya ni kitu kizuri, hatukatai. Ila orodha na mikataba ya kazi imetengenezwa juu, na teritwari, kama tulivyosema, ni mtu aliyetumwa tu. Kujengewa ni jambo moja, na kujiamulia ni lingine.

Ya tatu, nayo kwetu ndiyo kubwa: hatujachagua. Sheria ya 2008 inataka wakaaji wachague baraza la sekta na la komine. Baraza la sekta ndilo lingechagua shefu wa sekta, na baraza la mji lingechagua meya. Baraza hilo ndilo lingepitisha bajeti na kuuliza: "Feza ya soko iko wapi?" Mwezi wa 12, 2023 kura za komine zilifanyika katika makao ya majimbo tu. Bukavu walichagua. Baraka hawakuchagua, wala sekta zetu nne. Kwa hiyo viongozi wetu wa hapa walitajwa kutoka juu, hawakuchaguliwa. Mtu huwa anatoa hesabu kwa yule aliyempa kazi. Kama kazi ilitoka juu, hesabu pia itapanda juu. Mama wa ndagala hatapewa.

Vita navyo vimeongeza uzito. Mwezi wa 2, 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23, na ofisi za jimbo zikahamia Uvira. Siku zile tuliona wazi kwamba jimbo likitikisika, mtu anabaki na sekta yake, komine yake na jirani yake. Kama hizo ni tupu, anabaki mikono mitupu.

6. Ng'ambo ya ziwa

Wengi kati yetu wazazi wao waliishi Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na walirudi kwa meli mpaka hapa Baraka. Wazazi hao wanaweza kutuambia kwamba jirani zetu pia walipita njia hii. Mwaka 1972 Serkali ya Rais Nyerere ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, na wafanyakazi wengi wa Serkali walitumwa kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani na wilayani. Lakini wakati uleule mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa na watu yalivunjwa. Wakubwa wakawa karibu, ila sauti ya mwananchi ikawa mbali zaidi. Baada ya miaka kama 10 Serkali iliona kosa: sheria mpya zilitolewa mwaka 1982, na mabaraza yakarudi mwaka 1984.

Kenya nao, kwa katiba yao ya 2010, walifanya kaunti 47, na kila moja inachagua gavana wake na baraza lake. Katiba inasema kaunti zisipewe chini ya asilimia 15 ya feza za taifa. Ni ndogo kuliko 40 yetu! Lakini 15 inayofika inapita 40 inayobaki njiani. Kule pia kuna wizi na ugomvi, magazeti yao yanaandika kila siku. Ila wanajua nani wa kumuuliza, na kila miaka mitano wanaweza kumtoa.

7. Je, basi hakuna faida?

Faida iko, tusiwe watu wa kulalamika tu. Ofisi ikiwa karibu, baba anaweza kuandikisha mtoto wake mchanga ndani ya siku 90 zinazotakiwa na sheria, bila kulipa safari ya mbali. Mtoto mwenye karatasi ya kuzaliwa hapati shida siku ya kuandikwa masomoni. Ugonjwa wa kolera ukiingia kandokando ya ziwa, mtu wa kartie anajua kisima kipi ni kibaya mbele ya mtu wa Kinshasa kupata habari. Mipaka ya mji ikieleweka vizuri, hata lile daraja letu litakuwa na mwenyewe. Hatukatai ugawaji wa mamlaka. Tunasema ulianza, ukaachwa katikati ya njia.

8. Na sisi wenyewe?

Tulipofika hapa katika kuandika, mwenzetu mmoja akasema: "Tunawauliza wakubwa hesabu, na kasa yetu ya wafinaliste je?" Tulitazamana kwa haya. Kila mmoja wetu alikuwa ametoa franga zake tangu mwezi wa 9, kwa ajili ya kujitayarisha kwa mtihani wa Serkali. Feza ilishikwa na mtu mwaminifu, lakini hakuna daftari. Tulipohesabu, tulikosa sehemu. Hakuna aliyeiba, tunaamini hivyo: nyingine ilinunua petroli ya jenereta, nyingine ilisaidia mwenzetu mgonjwa. Lakini wawili kati yetu hawakusemezana wiki mbili juu ya mambo hayo. Wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Tumeanza hivi. Kila Jumamosi hesabu ya kasa inabandikwa ukutani karibu na mlango wa darasa letu: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Kila mwanafunzi anaweza kusoma na kuuliza, hata mdogo wa mwaka wa saba. Tunaomba madarasa mengine yafanye vilevile.

Na nyumbani, likizo hii, tunaomba kila mmoja afanye mambo matatu mepesi. Moja: muulize mama kama anapewa kitansi akilipa taksi ya meza, kama hapewi, aombe kwa upole. Pili: ujue unakaa sekta gani ao komine gani, maana wengi wetu tuliulizwa darasani tukashindwa. Tatu: wakati kura ya komine na ya sekta itakapofika kwetu, ndugu mwenye umri wa miaka 18 asiseme "hiyo ni kura ndogo". Hiyo ndogo ndiyo ya daraja, ya kisima na ya soko.

Sisi wafinaliste tutaondoka hapa karibuni. Yule dada aliyeangukia majini atabaki, na atavuka kijito kile miaka mingine minne. Miti tuliyoweka haitafika miaka minne. Kwa hiyo tunawaachia ninyi mnaobaki kazi ya kurudi kwa yule mzee mwandishi. Mumsalimie kwanza, kisha mmuulize tena lile swali la soko. Mara ya pili hatasema hakuna mtu aliyekuja kuuliza.

Kama tumekosea mahali, walimu wetu watusahihishe katika toleo lijalo.

Doyen wa wanafunzi, kwa niaba ya wafinaliste